Skrubu au kamba? Ulinganisho kwa aliyeambiwa kifundo chake cha mguu kimeachia

Swali hili hunifikia kwenye korido. Safari hii alikuwa kijana wa bodaboda, magongo kwapani, bahasha ya eksirei ameibana kwa meno kwa sababu mikono yote ilikuwa na kazi. Akaegemea ukuta, akaitoa mdomoni. "Dokta, wameniambia nichague skrubu au kamba ya kufungia kifundo. Ungekuwa wewe ungechukua ipi?"

Mimi si dokta, ni mtu wa fiziotherapia. Lakini huku kwetu koti jeupe ndilo linalotoa cheo, na mtu mwenye maumivu humsahihishi. Nikamkalisha kwenye benchi, nikamuuliza: "Hiyo skrubu wamekuambia ina unene gani?"

Akacheka. "Kwani skrubu si skrubu tu?"

Hapana. Na ulinganisho mwingi wa njia hizi mbili unapotelea hapohapo: unaweka skrubu kushoto, kamba kulia, kana kwamba kila upande una kitu kimoja tu. Nitaeleza nilivyomweleza yeye, pamoja na mengine ambayo benchi la korido halikutosha.

Kilichoachia ni nini

Chini ya goti kuna mifupa miwili. Muundi ni ule mnene unaoupapasa kwa mbele. Fibula ni mwembamba, umekaa upande wa nje, kwa nyuma kidogo. Ikifika kifundoni, miwili hiyo inatengeneza tundu, na talasi, mfupa wa juu wa unyayo, unaingia humo kama ulimi wa mbao unavyoingia kwenye tundu la seremala. Kinacholizuia tundu lisipanuke ni kano fupi ngumu, za mbele, za nyuma na za katikati, zinazofunga muundi na fibula juu kidogo ya kiungo. Muungano huo wote unaitwa sindesmosi.

Tofauti na la seremala, tundu hili linapumua. Talasi ni pana mbele kuliko nyuma. Ukichuchumaa, sehemu ile pana inajikita kati ya mifupa miwili na kuipanua kama milimita moja, ukisimama, inarudi. Mwendo wenyewe ni mdogo hata jicho haliuoni, ila ndio chanzo cha ugomvi wote wa skrubu na kamba.

Kuteguka tulikozoea ni kwa mguu kupinda kwa ndani, na maumivu hukaa chini ya fundo la nje. Huku kwingine ni kwa kuzungushwa: unyayo umenasa chini, mwili unageuka, mguu unalazimishwa kuelekea nje. Pikipiki inalala na dereva ametanguliza mguu. Mchezaji njumu zimeshika nyasi na mwenzake anamwangukia kwa nyuma. Hapo maumivu hupanda juu zaidi, mbele, katikati ya mifupa miwili, na ukilibana shavu la mguu kwa viganja viwili, panapouma ni chini kifundoni.

Kuna mtego mmoja hapa ambao sichoki kuusema. Mara nyingine nguvu ile ya kuzungusha inapasua kano, inapanda na mguu mzima, na kuivunja fibula juu karibu na goti. Maisonneuve, daktari wa upasuaji wa Ufaransa, aliueleza mvunjiko huu mwaka 1840, na mpaka leo unawaponyoka watu, kwa sababu eksirei inapigwa kifundo tu, na kwenye kifundo hakuna mfupa uliovunjika. Ukiwa na kifundo kilichovimba hivi, mwombe anayekupima akupapase hadi chini ya goti kwa upande wa nje.

Je, kila sindesmosi iliyoumia inapasuliwa? La. Kano zilizovutika bila kuachia hutulia kwa buti la kitabibu au piopii, kisha mazoezi. Upasuaji ni wa kifundo ambacho tundu lake linafunguka. Kwenye picha daktari hupima nafasi kati ya muundi na fibula, sentimita 1 juu ya kiungo. Ikizidi milimita 6 anashtuka. Upande wa ndani, kati ya talasi na fundo la ndani, kikomo cha kawaida ni milimita 4. Picha iliyopigwa umekanyagia mguu, kwa kadiri maumivu yanavyoruhusu, na ya mguu usioumia pembeni yake, inasema kweli kuliko ile uliyopigwa umelala. Na hata ndani ya chumba cha upasuaji daktari huivuta fibula kwa ndoano huku akitazama mashine ya eksirei, aone kama inaachana na mwenzake.

Mbona milimita ndogo hivyo zinasumbua watu wazima? Mwaka 1976 Ramsey na Hamilton walionyesha kwamba talasi ikihama milimita 1 tu kwenda nje, eneo la mgusano ndani ya kiungo linapungua kwa asilimia 42. Uzito ni uleule, ila umebebwa na eneo dogo zaidi. Kiungo cha namna hiyo kinasagika kabla ya wakati wake.

Skrubu

Hii ndiyo njia ya zamani, na ndiyo ipo karibu kila mahali wanapofunga mifupa. Daktari anairudisha fibula mahali pake, anaishikilia kwa koleo, anatoboa kutoka fibula kuingia muundi, sentimita 2 hadi 5 juu ya kiungo, akielekeza mbele kwa nyuzi 25 hadi 30 hivi kwa kuwa fibula imekaa nyuma ya mwenzake. Kisha anakaza.

Uzito wa swali langu la unene uko hapa. Skrubu zinazotumika sana ni za milimita 3.5 na za milimita 4.5. Mfupa una ganda gumu nje na sehemu laini ndani, kwa hiyo skrubu inaweza kupita maganda matatu (mawili ya fibula na moja la muundi) au yote manne, ikatokea upande wa pili. Ile nene ya maganda manne inashika kama msumari wa nchi sita. Ile nyembamba ya maganda matatu inaacha mchezo kidogo kwenye ncha yake, na mchezo huo mdogo unafanana na jinsi sindesmosi ilivyoumbwa.

Uzuri wa skrubu: ni ya bei nafuu, haihitaji kifaa cha kuagiza, kila daktari wa mifupa ameikaza mara nyingi, na inazuia fibula isipande juu wala isizunguke. Ubaya wake: inafunga kile kilichokusudiwa kupumua. Mguu ukianza kubeba uzito, mfupa unataka kusogea na chuma hakitaki. Mmoja anakubali kushindwa. Ama skrubu inalegea kwenye tundu lake, ama inakatika.

Skrubu ikikatika watu hutishika sana. Mama mmoja alinijia na picha yake akitetemeka, skrubu imekatika katikati ya mifupa miwili, safi kama chaki. Alikuwa anatembea vizuri kuliko mwezi uliotangulia. Nikamwambia, "Mama, ndiyo maana unatembea vizuri." Sikuwa namfariji tu: tafiti zilizofuatilia watu ambao skrubu yao ilikatika au kulegea hazijakuta wakiwa na hali mbaya kuliko wale ambao yao ilibaki nzima. Kifundo kimejifungulia chenyewe. Kipande kilichobaki ndani ya muundi kwa kawaida huachwa hukohuko.

Kamba yenye vifungo

Chukua uzi mnene wa sintetiki, wa jamii ya plastiki ngumu kupita kiasi, uupitishe kwenye tundu lililotoboka fibula na muundi, kisha kila mwisho uuwekee kifungo cha chuma kama cha shati: kirefu upande wa ndani, cha mviringo upande wa nje. Vuta, kaza. Ndio hivyo. Kinachofahamika zaidi sokoni ni TightRope ya kampuni ya Arthrex, hata madaktari wengine huita kila kamba kwa jina hilo, kama watu wanavyoita kila dawa ya meno Kolgeti. Brian Thornes na wenzake huko Dublin ndio walioipima mapema, kwenye miguu ya maiti (2003), kisha kwa wagonjwa (2005).

Kamba inazuia mifupa isiachane ila inaiacha isogee kidogo. Haikatiki kwa kuchoka kama chuma, na haihitaji kutolewa isipokuwa ikileta shida. Nyingine ninayoipenda: fibula ikiwa imerudishwa vibaya kidogo, kamba ina nafasi ya kuiachia ijiweke sawa, wakati skrubu inalifunga kosa likabaki kosa. Hilo limeonekana kwenye majaribio ya miguu ya maiti.

Lakini si kifaa cha peponi. Zile za mwanzo zilikuwa na fundo la uzi upande wa nje, na kwa mtu mwembamba fundo lilichokoza ngozi ya juu yake hadi kiatu kikawa adui. Za sasa nyingi hazina fundo. Kile kifungo cha ndani kinapita karibu na mshipa wa damu na neva ya ngozi; kikikalia neva, mgonjwa anapata ganzi au kuchomachoma kwenye ukingo wa ndani wa mguu. Tundu ndani ya mfupa linaweza kupanuka. Na uzi uliosukwa, vijidudu vikishaingia, ni vigumu kuusafisha. Usaha ukitoka, kamba inabidi itoke.

Udhaifu wake mkubwa hauonekani kwenye vipeperushi vya wauzaji. Kamba inavuta kwa upande mmoja tu, kama kamba ya kuanikia nguo: inakataa kurefuka, lakini haizuii kupanda wala kushuka. Fibula iliyovunjika vipande vipande, au iliyovunjika juu kabisa kama ile ya Maisonneuve, inaweza kuteleza ikafupika huku kamba imekazwa vizuri kabisa. Ndiyo maana kwa mivunjiko hiyo baadhi ya madaktari huweka kamba mbili zinazoachana pembe, au kamba na skrubu pamoja.

Majaribio yamesema nini

Jaribio linalotajwa sana lilifanyika Norwei na kuchapishwa 2018, na Andersen na wenzake. Wagonjwa 97 waligawanywa kwa kura: nusu kamba, nusu skrubu. Baada ya miaka 2, kwenye kipimo cha alama 100 kinachojumlisha maumivu, utembeaji na mpangilio wa mguu, kamba ilikuwa na alama 96 na skrubu 86. Watu 7 wa upande wa skrubu sindesmosi iliwafunguka tena wakiwa bado kwenye matibabu. Upande wa kamba hakuna. Walipofuatiliwa hadi miaka 5, dalili za kiungo kusagika zilionekana kwa asilimia 65 ya wenye skrubu na asilimia 35 ya wenye kamba.

Ukiishia hapo, mjadala umefungwa: uza mbuzi, nunua kamba. Watu wengi huishia hapo.

Lakini skrubu ya jaribio lile ilikuwa moja nene ya milimita 4.5, maganda manne. Hukohuko Norwei, 2020, Ræder na wenzake walichapisha jaribio jingine la wagonjwa 113, safari hii kamba ikipambanishwa na skrubu ya milimita 3.5 iliyopita maganda matatu. Baada ya miaka 2 matokeo yalikuwa sawa.

Kwangu mimi habari kubwa zaidi kwenye suala hili ni hiyo, na ndiyo sababu namuuliza mtu unene kabla ya kitu kingine. Kamba iliishinda skrubu ngumu sana. Ilipokutana na skrubu laini kidogo, inayoacha mchezo, walitoka sare. Miaka 2 si miaka 20, na kusagika kwa kiungo hakuonekani haraka, kwa hiyo sitaapa kwamba ni sawa milele. Lakini mtu asiye na uwezo wa kununua kamba asiambiwe kwamba amepewa matibabu ya daraja la pili.

Kurudi chumba cha upasuaji

Kwa miaka mingi skrubu ilitolewa kwa ratiba: wiki ya 8 hadi 12, unalazwa tena, unachomwa ganzi tena, unapasuliwa tena. Siku hizi desturi hiyo inapungua nguvu. Huko Uholanzi, jaribio lililochapishwa 2021 lenye wagonjwa 197 lilipambanisha watu waliotolewa skrubu kwa ratiba na watu waliotolewa pale tu ilipowasumbua. Baada ya mwaka, wale walioachiwa hawakuwa nyuma. Na kutoa si kazi bila hatari: kidonda kinaweza kuingia usaha, na ukitoa mapema mno, kabla kano hazijashika, tundu linafunguka upya na unaanza moja.

Kwa hiyo usimlipe mtu akutoe skrubu isiyokuuma eti kwa sababu tu wiki 12 zimetimia. Uliza: inanizuia nini? Kama jibu ni hakuna, iache. Kama kifundo kimegoma kupinda, au kichwa cha skrubu kinachokoza ngozi, hapo kuna sababu.

Hili linabadili hata hesabu ya pesa. Kifaa kimoja cha kamba huuzwa kwa bei ya skrubu nyingi sana, na mahali pengine huagizwa kwa jina la mgonjwa baada ya kulipa. Watetezi wa kamba husema tofauti hiyo inarudi kwa sababu hutafanya upasuaji wa pili. Ni kweli pale ambapo kila skrubu inatolewa. Pale ambapo skrubu inaachwa, hoja inapungua uzito. Kaa na kalamu uandike ya kwako: bei ya kifaa, kitanda, nauli ya kwenda na kurudi pamoja na mtu wa kukusindikiza, siku ambazo pikipiki itakuwa imelala na hesabu ya tajiri haijapelekwa. Kwa wenye bima, swali ni moja na liulizwe kabla ya siku ya upasuaji: wanalipia upasuaji pekee, au na kifaa? Nimeona mtu akijibiwa swali hilo akiwa tayari amevalishwa gauni la kijani.

Choo, msikiti na kitanda cha mazoezi

Tafiti za Ulaya hupima alama za kutembea na kupanda ngazi. Wagonjwa wangu wana vipimo vyao. Wa kwanza ni choo cha kuchuchumaa. Wa pili, kwa Waislamu, ni kikao cha tahiyatu: mguu wa kulia umesimamishwa, vidole vimeelekea kibla. Hakuna dodoso la Norwei litakalokuuliza hayo, ila mzee wa miaka 60 atakuuliza siku ya kwanza.

Kwenye kuchuchumaa kamba ina faida ya wazi mwanzoni. Talasi inaingia na sehemu yake pana, mifupa inahitaji ile milimita yake, kamba inatoa. Skrubu nene inakataa, na mgonjwa anahisi kizuizi mbele ya kifundo, "kama kuna kokoto ndani," wanavyosema. Hupungua skrubu ikilegea, ikikatika au ikitolewa.

Napima kwa goti na ukuta: unasimama ukitazama ukuta, kisigino chini, unajaribu kugusa ukuta kwa goti, kisha nasoma kwa rula umbali wa kidole gumba kutoka ukutani. Mguu mzima unaweza kusoma sentimita 11, uliofungwa 3. Kila wiki tunahesabu. Ndoo iliyopinduliwa juu ya choo, au kiti cha plastiki kilichokatwa tundu, inakuvusha miezi ya mwanzo kwa njia zote mbili, na hakuna aibu hapo.

Kuhusu kukanyagia, desturi zinatofautiana. Wenye skrubu wengi huambiwa wasikanyagie kwa wiki 6 hadi 8. Wenye kamba mara nyingi huruhusiwa mapema zaidi, kwa buti na magongo. Ila aliyewekwa kamba na bati (kipande cha chuma cha kushikilia mfupa) kwa pamoja kwa sababu fibula ilivunjika anafuata ratiba ya mfupa, si ya kamba.

Wapenda michezo hunitajia Tua Tagovailoa, yule mrushaji wa mpira wa Kimarekani. Akiwa chuo kikuu cha Alabama aliumia kifundo cha kulia tarehe 19 Oktoba 2019, akafungwa kamba siku iliyofuata, tarehe 9 Novemba akawa uwanjani. Ni kweli. Ila alikuwa na kikosi cha madaktari na watu wa mazoezi wakimzunguka asubuhi na jioni. Wewe una daladala la saa 11 alfajiri lenye ngazi ya juu. Usimwonyeshe bosi wako habari ile.

Nani achukue ipi

Kijana mwenye mfupa mzuri, kano zimeachia, fibula haikuvunjika au imevunjika chini na kufungwa bati, na kamba inapatikana bila kuuza shamba: ningechukua kamba bila kusita. Mchezaji vilevile. Anayekaa mbali na hospitali na hana hakika ya kurudi pia, kwa sababu kamba haina miadi ya kutolewa.

Kijana huyohuyo asiye na pesa ya kamba: skrubu ya 3.5, maganda matatu, iachwe mpaka ilete shida. Alale usingizi.

Mtu mwenye kisukari kilichokwisha kumfisha hisia za unyayo ni habari nyingine kabisa. Huyo atakanyagia bila kujua, kwa sababu maumivu yanayomwambia mwingine "simama" kwake hayapo. Madaktari wengi humwekea skrubu zaidi ya moja, ndefu, na hawazitoi kamwe, na muda wa kukaa bila kukanyagia unarefushwa. Hapa ugumu ule ninaoulaumu juu unakuwa rafiki. Bibi mwenye mifupa iliyopungua uzito naye, kifungo cha kamba kinaweza kuzama ndani ya ganda jembamba kama kifungo kwenye koti la sponji. Skrubu inayopita kwenye bati humfaa zaidi.

Na yule wa Maisonneuve, fibula imekatika juu: kamba moja peke yake siiamini. Mwambie daktari akueleze atauzuiaje mfupa usifupike.

Kuna wanaokosa kuambiwa njia ya tatu. Mara nyingi kano ya nyuma haikukatika. Imeng'oa kipande cha mfupa nyuma ya muundi. Kukirudisha kipande kile na kukifunga ni kuirudisha kano yenyewe na shina lake. Kwenye miguu ya maiti, Gardner na wenzake (2006) walikuta kufunga kipande hicho kunarudisha asilimia 70 ya ugumu wa kifundo, wakati skrubu ya sindesmosi ilirudisha 40. Kama CT skani yako (picha ya eksirei inayoonyesha kiungo tabaka kwa tabaka) inaonyesha kipande nyuma, swali la skrubu au kamba linaweza hata lisifike mezani. Zipo pia skrubu zinazoyeyuka mwilini. Wazo zuri, lakini baadhi ya miili huzikasirikia kwa uvimbe, na sijakutana nazo sana.

Kitu kilicho juu ya vyote

Gardner huyohuyo, mwaka 2006, alipiga CT vifundo 25 vilivyokwisha kufungwa. 13 vilikuwa vimefungwa fibula ikiwa nje ya mahali pake. Kwenye eksirei ya kawaida vingi vilionekana sawa. Mwaka 2012 Sagi na wenzake walifuatilia wagonjwa 68: waliofungwa vibaya walikuwa na hali mbaya zaidi miaka 2 baadaye. Pale daktari alipopasua na kuitazama sindesmosi kwa macho, makosa yalikuwa asilimia 15. Aliporudisha kwa kubana kutoka nje tu, asilimia 44.

Kwa hiyo kabla ya kumuuliza daktari atatumia kifaa gani, muulize atajuaje kwamba mfupa umekaa. Akikuambia atafungua atazame, au atalinganisha na picha ya mguu usioumia, au utapigwa CT ya miguu yote miwili baadaye, umepata mtu. Ningechukua skrubu ya mtu huyo kuliko kamba ya anayekuambia "usijali". Koleo likibana kwa pembe mbaya huisukuma fibula mbele au nyuma, na kifaa chochote kitakachofuata kitafunga kosa hilo. Tofauti ni kwamba kamba huweza kusamehe kidogo.

Yule kijana wa bodaboda aliingia tena ofisini akauliza alivyoambiwa aulize. Daktari alikuwa amepanga 4.5, walizungumza, ikawekwa 3.5, maganda matatu, kupitia mpasuo wa mbele wa kutazama sindesmosi kwa macho. Kamba aliiacha, pesa ilikwenda kwenye taa na rimu ya pikipiki. Wiki ya 16 goti lilikuwa linagusa ukuta kwa sentimita 8, mguu mwingine 10. Skrubu bado iko ndani. Alinionyesha kuchuchumaa katikati ya chumba cha mazoezi, kisigino kimeshuka karibu chote, akakaa hapo akichezea simu mpaka nikamwambia ainuke kuna foleni.